Ukumbini mitambo ilipiga yowe, kwenye rekodi dramu ikapotea: nianzie wapi?

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Nina umri wa miaka 24, na kwa miezi minane sasa mimi ndiye ninayeshika mitambo katika kikundi cha muziki kinachoongozwa na mjomba wangu. Kazi hiyo sikuiomba. Fundi tuliyekuwa naye alihama ghafla, na kwa kuwa nilikuwa nikimsaidia kubeba spika na kukunja waya, mjomba alinikabidhi miksa akaniambia kwamba nitajifunzia humo humo. Tuna waimbaji wanne, dramu, gitaa la besi ambalo lina spika yake jukwaani, na kinanda. Maiki zetu zote ni za dainamiki na zimezeeka.

Mwezi uliopita tulipiga katika ukumbi mdogo. Nafasi ilikuwa finyu, na waimbaji wamezoea kulalamika kwamba hawajisikii, kwa hiyo niliziweka zile spika mbili kubwa nyuma yao ili wao na watu wasikie kwa pamoja. Tulipojaribu mitambo, kila mwimbaji alisema "moja, mbili, moja, mbili," nami nikapandisha gein, kile kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia kwenye miksa, mpaka sauti ikatosha. Wimbo wa kwanza ulipofika kwenye kiitikio sauti zilianza kukwaruza, na kabla sijajua la kufanya ukatoka mlio mkali uliowafanya watu wazibe masikio. Nilishusha vitelezo vyote kwa mkupuo mmoja, waimbaji wakabaki wanafungua midomo bila kusikika. Mjomba alinigeukia mbele ya watu akaniuliza kama nimelala. Tangu siku hiyo nikigusa miksa mkono unatetemeka.

Kuna jambo la pili. Onyesho hilo nililirekodi kwa kuunganisha kompyuta na mahali pale pale miksa inapotolea sauti ya kwenda kwenye spika. Nilipolisikiliza nyumbani, waimbaji walikuwa juu mno, dramu ilisikika kama mtu anayegonga meza katika chumba cha pili, na besi karibu haikuwapo, ilhali ukumbini vyote hivyo vilisikika bila shida. Nilijaribu pia kumrekodi binamu yangu chumbani kwangu, chumba chenye kuta tupu na sakafu ya saruji, na sauti ikatoka kana kwamba anaimba ndani ya pipa. Yeye mwenyewe alilalamika kwamba sauti yake inamrudia kwenye hedifoni ikiwa imechelewa, hata akapoteza mapigo.

Rafiki yangu anataka kuniuzia maiki ya kondensa, aina yenye usikivu mwepesi zaidi, na anasema kwamba shida yote hii inatokana na uzee wa maiki zetu. Akiba yangu inatosha kununua maiki hiyo au kulipia kozi fupi ya teknolojia ya muziki, si vyote viwili. Nichague kipi? Na kuna ubaya gani nikiachana kabisa na mitambo ya jukwaani nikaingia moja kwa moja kwenye kurekodi, ambako mtu akikosea anarudia bila kufokewa?

Mimi, Mwenye Mkono Unaotetemeka

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na maiki, kwa sababu hapo ndipo akiba yako inapotaka kupotelea. Maiki ya dainamiki haichachi. Shure SM58, ambayo pengine ndiyo maiki ya mwimbaji inayojulikana kuliko zote duniani, ilianza kuuzwa mwaka 1966, na hadi leo mafundi wakubwa wanaisimamisha jukwaani bila kuona haya. Kama maiki zenu hazikwamishi sauti, waya zake hazichezi na kichwa chake hakijabonyea, ziache zifanye kazi. Katika yote uliyonieleza sioni hata jambo moja ambalo kondensa ingelizuia, na mawili ingeyazidisha.

Ule mlio, ambao mafundi huuita fidibaki, ulitengenezwa pale ulipoziweka spika nyuma ya waimbaji. Maiki inachukua sauti, spika inaitoa ikiwa kubwa zaidi, maiki inaisikia tena ile iliyotoka kwenye spika, na mzunguko unaendelea. Sauti inayorudi ikishakuwa na nguvu kuliko ile iliyoondoka, mzunguko hauzimiki tena, na hugeuka kuwa yowe katika noti moja ambayo ukumbi, spika na maiki kwa pamoja vinaipenda kuliko nyingine. Maiki nyingi za waimbaji zina usikivu wenye umbo la moyo: zinasikia vizuri kwa mbele, zinapungua ubavuni, na nyuma kabisa, kule waya unakotokea, huwa kama kiziwi. Spika ikiwa nyuma ya mwimbaji, uso wa maiki unaitazama ana kwa ana, na kinachowatenganisha ni kichwa cha mwimbaji tu, ambacho nacho hakitulii. Zisogeze spika kubwa mbele ya mstari wa maiki, zikiwatazama watu. Waimbaji wapewe spika ndogo ya chini inayowaelekea usoni, iwe upande ule ambao maiki imeupa kisogo. Ukumbi ukiwa finyu kiasi kwamba hata nusu mita haipatikani, afadhali waimbaji warudi nyuma kidogo kuliko spika kubaki mgongoni mwao.

Baada ya hapo angalia midomo. Umbali kati ya mdomo na maiki ukipungua kwa nusu, sauti inayoingia huongezeka kwa takriban desibeli 6, wala spika haipati nyongeza yoyote ndani ya maiki hiyo. Kwa hiyo mwimbaji anayeishika maiki sentimita 20 kutoka mdomoni, akiileta hadi sentimita 5, anakupa karibu desibeli 12 za bure, na hakuna kitufe kwenye miksa yako kinachoweza kukupa kiasi hicho bila kuita yowe. Kwa upande mwingine, kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi uliyokuwa nayo kabla ya mlio. Maiki nne wazi zimekwisha kula desibeli 6 kabla hujagusa chochote. Anapoimba mmoja, zile nyingine tatu zishushe. Vilevile waombe wasikikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja, hata kama picha inapendeza hivyo, kwa maana tundu za pembeni zikizibwa maiki hupoteza ule ukiziwi wake wa nyuma na kuanza kusikia kila upande.

Kule kukwaruza ni jambo jingine, lenye chanzo chake. Mtu anayesema "moja, mbili" si mtu yule anayeimba kiitikio kwa kifua kizima, na tofauti kati yao inaweza kufika desibeli 20. Uliipima gein kwa mtu wa kwanza, onyesho likakuletea wa pili. Gein ni mlango wa kuingilia, na kitelezo ni mlango wa kutokea. Sauti ikishapasukia mlangoni inapoingia, ukishusha kitelezo utapata sauti iliyopasuka ikiwa ndogo, basi. Siku nyingine mwambie kila mmoja aimbe sehemu ya wimbo inayomtoa jasho zaidi, tena akiwa amesimama na kuishika maiki kama atakavyofanya mbele ya watu, na uweke gein mahali ambapo mita inacheza vizuri bila taa nyekundu kuwaka hata mara moja. Kisha kitufe hicho kiache, na kazi ya onyesho uifanye kwa vitelezo.

Sasa mkono wako. Hofu yako haitokani na ule mlio. Inatokana na kutojua ulitoka chaneli ipi, na ndiyo maana ulishusha zote. Dawa yake ni kuutafuta mlio kwa hiari yako. Siku ambayo ukumbi au chumba cha mazoezi kiko tupu, simamisha maiki moja, weka sauti ya jumla chini, kisha pandisha kitelezo chake polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Kabla ya yowe kuna dalili: ukigonga maiki kwa kidole, sauti ya kugonga huko hubaki ikining'inia hewani kwa nukta kidogo badala ya kukatika. Simama hapo hapo. Sikiliza noti inayoning'inia, iimbe mwenyewe kwa mdomo, halafu uitafute kwenye ikwalaiza, vile vitufe vya kupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba kila moja peke yake, ukianzia hezi 250, uende 500, 1,000, 2,000 hadi 4,000, ukishusha kimoja baada ya kingine na kukirudisha, mpaka utakapokuta kile ambacho kikishushwa kwa desibeli 3 au 4 ule mning'inio unakatika. Fanya hivyo mara kumi kwa siku tofauti. Utafika mahali ambapo sikio litakutajia namba kabla macho hayajaangalia miksa, na onyeshoni kidole chako kitakwenda kwenye chaneli moja na kuishusha kiasi cha upana wa ukucha, na wasikilizaji hawatajua kilichotokea. Mimi nilihitaji karibu mwaka mzima kufika hapo, na bado kuna kumbi zinazonidanganya.

Rekodi yako ya onyesho ndiyo iliyonifurahisha zaidi katika barua nzima, ingawa najua wewe ilikukatisha tamaa. Rekodi ile haikukosea kitu. Katika ukumbi mdogo dramu hufika masikioni mwa watu kwa nguvu zake yenyewe, na besi ilifika kwa ile spika yake ya jukwaani. Waimbaji ndio waliohitaji msaada. Ukafanya sawasawa, ukawapandisha waimbaji na kuviacha vingine karibu na sifuri. Kwa hiyo kilichokuwa kikitoka kwenye miksa hakikuwa sauti ya ukumbi, bali kile ambacho ukumbi ulikipungukiwa. Ukumbini vitu hivyo viwili vilijumlishwa hewani, nyumbani ukasikiliza kimoja tu. Anayechanganya sauti jukwaani hujiuliza chumba hiki kinakosa nini. Anayerekodi anamfikiria mtu ambaye hakuwapo kabisa, ambaye kila anachostahili kusikia lazima kipitie kwenye waya. Vifaa ni vile vile, waya ni zile zile, lakini miksi moja haiwezi kuyajibu maswali yote mawili.

Igeuze miksa yenu uangalie nyuma. Ikiwa ina tundu la USB, soma kitabu chake ujue inapeleka kompyutani chaneli ngapi, kwa maana nyingine hupeleka mbili tu, zikiwa zimeshachanganywa, na nyingine hupeleka kila chaneli peke yake. Kama yenu ni ya aina ya pili, umekwisha pata studio bila kujua. Weka maiki kwenye dramu hata kama ukumbini huzihitaji, ipitishe besi kwenye kisanduku cha DI ili iingie kwenye miksa moja kwa moja pasipo kutegemea ile spika yake, na urekodi kila chaneli kabla sauti haijafika kwenye kitelezo. Hapo unaweza kuishusha dramu hadi chini kabisa kwa ajili ya watu, na kwenye rekodi ikabaki nzima. Faida yake nyingine inanigusa zaidi kwa habari ya mkono wako: rekodi ya namna hiyo, ikiwa miksa yenu inaweza pia kupokea chaneli hizo kutoka kompyutani, unaweza kuirudisha ndani ya miksa, kila chombo kwenye chaneli yake, ukachanganya onyesho lile lile mara ishirini katika ukumbi mtupu, pasipo mwimbaji wala mjomba. Mlio tu ndio hutaufanyia mazoezi kwa njia hiyo, kwa sababu hakuna maiki iliyo wazi.

Kama inapeleka mbili tu, tumia tundu la pembeni, lile ambalo kwa kawaida hulisha spika za waimbaji, ulitengenezee miksi yake ya kurekodi, na uisikilize kwa hedifoni zinazoziba masikio. Ongeza maiki moja au mbili ndani ya ukumbi, zirekodiwe kwenye njia zake peke yake. Kumbuka tu kwamba sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo maiki iliyo mita 10 kutoka jukwaani husikia karibu milisekunde 29 baada ya zile za jukwaani. Kwenye programu utaisogeza ianze mapema kwa kiasi hicho kabla ya kuichanganya na nyingine.

Lile pipa la chumbani kwako ni kuta. Sauti ya binamu yako iliingia kwenye maiki, kisha ikagonga ukuta na sakafu ikaingia tena na tena ikiwa imechelewa kidogo kidogo. Kondensa, kwa wepesi wake wa kusikia na kwa kuwa watu huiweka mbali zaidi na mdomo, ingeliongeza pipa hilo badala ya kuliondoa. Tundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya, maana uso wa maiki unatazama huko. Simamisha godoro ubavuni, tandika kitu sakafuni, msiwe kwenye kona wala katikati kabisa ya chumba. Mdomo uwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki. Akiikaribia maiki zaidi ya hapo sauti nzito huanza kufura, jambo ambalo watangazaji hulipenda na waimbaji hulijutia. Na siku utakapomiliki kondensa kubwa, ujue kwamba nyingi kati ya hizo huimbiwa ubavuni wala si kileleni, tena ubavu mmoja tu. Mimi niliwahi kumrekodi mtu mchana kutwa nikilaumu chumba, kompyuta na koo lake, kumbe maiki nilikuwa nimeigeuza mgongo.

Kuchelewa kwa sauti kunatoka kwenye bafa ya kompyuta, yaani fungu la vipande vidogo vya sauti (sampuli) ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia. Ikiwa umeiweka kwenye sampuli 1,024 huku ukirekodi kwa kilohezi 48, kila sauti inasubirishwa kama milisekunde 21 kabla haijashughulikiwa, na kurudi kwake kunaongeza ngojeo jingine. Milisekunde 21 ni muda ambao sauti hutumia kwenda mita 7. Ni kana kwamba binamu yako alikuwa akisikilizwa na sikio lililokaa upande wa pili wa ukumbi. Unaporekodi ishushe hadi 128, ambayo haifiki milisekunde 3, na unapochanganya irudishe juu ili kompyuta ipumue. Kama una kadi ya sauti ya nje yenye kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kitumie, na habari ya bafa utaisahau. Rekodi kwa biti 24, na kilele cha sauti kiache kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, ambayo kwenye mita ya kompyuta ndiyo kikomo cha juu. Kwa biti hizo hakuna sababu ya kuibana sauti juu.

Kuhusu akiba yako, mwambie rafiki yako asante. Kozi naiunga mkono kwa sharti kwamba uende kuuliza kabla hujalipa: wanafunzi wangapi wanagawana miksa moja, ni saa ngapi utakazokaa ukiunganisha waya kwa mikono yako, na kama mtarekodi wanamuziki wa kweli au nyimbo zilizokwisha andaliwa. Uliza pia kama wanafundisha usalama wa umeme. Mimi huzitilia shaka kozi zinazoanza na madoido ya kompyuta kabla mwanafunzi hajajua kwa nini amplifaya za spika huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza. Majibu yasipokuridhisha, nunua kadi ndogo ya sauti yenye matundu mawili, tumia programu ya bure kama Audacity, na kinachobaki ukiweke.

Usiliache jukwaa. Nakubali kwamba studio haifoki, lakini studio haikuhimizi pia, na nimewaona vijana walioanzia kwenye kompyuta wakitumia saa nne kurekebisha kwa ikwalaiza sauti ambayo ingepona kwa kuisogeza maiki sentimita tano. Jukwaani jambo hilo hulijua ndani ya sekunde, kwa lazima. Nenda na vyote viwili, jukwaa likitangulia kidogo.

Na mjomba wako. Kukuuliza vile mbele ya watu hakukuwa haki, lakini amekuachia miksa bila kujua inataka nini, na hakuna aliyemweleza. Mwendee siku isiyo ya onyesho, mwombe saa moja kamili ya kujaribu mitambo kabla watu hawajaingia, waimbaji wote wakiwapo na wakiimba kweli, na umweleze kwamba mahali pa spika utapachagua wewe. Akikusisitiza uongeze sauti, mwambie kwa adabu kwamba hata masikio yake yana kikomo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asikae zaidi ya saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo unakatwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Mpiga dramu wenu huenda anazimaliza katika wimbo wa tatu.

Anza na mazoezi yajayo. Rekodi dramu kwenye njia yake peke yake, hata kwa maiki moja iliyoning'inizwa juu ya kichwa cha mpigaji, isikilize bila kitu kingine, kisha uniandikie uliyoyasikia.